Si Mimi

Saa kumi na dakika tatu alfajiri
simu inatetemeka juu ya kabati la viatu.
Naisikia nikiwa jikoni, nakanda mkate mweusi.
Inauliza kwa adabu ya karani wa posta:
Je, ni wewe unayejaribu kuingia?

Mimi?
Mimi nina unga hadi viwikoni.
Theluji imeziba ngazi tangu Jumanne,
hata duka la kona sijalifikia,
nawe waniambia niko mji wa joto
ambao jina lake ulimi wangu wa Tartu haulimudu.
Nabonyeza kwa kifundo cha kidole:
Hapana. Si mimi.

Kesho yake tena. Mji mwingine.
Keshokutwa mara tano kabla ya chai.
Nimekana nafsi yangu mara nyingi wiki hii
kuliko maisha yangu yote.

Taavet wa ghorofa ya pili,
anayetengeneza kompyuta za shule,
akaja na soksi zake za sufi, akaketi.
"Usiniambie nywila yako. Ila, ni jina la mbwa?"
Nikanyamaza.
"Na mwaka?"
Nikanyamaza zaidi.

Akasema: mwizi wa siku hizi hana haja ya kukujua.
Ana orodha ya mbwa wa dunia nzima
na mashine isiyopiga miayo,
yawaita mmoja mmoja gizani
hadi mmoja aitike.

Naki.
Hillar ndiye aliyemwita hivyo.
Miaka kumi na tisa, kila asubuhi,
vidole vyangu vilimwita kabla macho hayajafunguka vizuri:
herufi nne, kisha mwaka tuliooana,
naye akaja mbio, na barua zikafunguka.
Mbwa kafa. Hillar kafa.
Hakuna mahali pengine nilipokuwa nikiliandika jina lile.

Taavet akafungua orodha ya waliojaribu.
Kumi walitoka mbali, hawana sura.
Wa kumi na moja alitoka Võru.

Võru ni saa moja na kitu kwa basi.
Na Võru nzima anayemjua Naki ni mtu mmoja,
kwa kuwa Naki alimng'ata kifundo cha mguu
siku tulipomzika mama.

Dada yangu Õie.
Tangu nyumba ya mama iuzwe hatujasemezana.
Alijaribu mara tatu, akakwama mara tatu.
Jina alikuwa nalo, nadhani.
Mwaka ndio uliomshinda:
harusini kwangu hakuja.

Najua alichokitafuta.
Barua za mama, nilizozipiga picha
kabla panya hawajazimaliza. Karatasi hazipo tena.
Zimo humo tu, nyuma ya mbwa.

Taavet akageuka akatazama dirisha
nami nikaandika maneno manne yasiyojuana,
sitayataja hata hapa.
Akaongeza namba sita zinazokuja simuni,
zinaishi nusu dakika, zinakufa.
"Hata wakiliokota neno lako barabarani," alisema,
"watabaki kibarazani."
Nikashukuru. Nikampa nusu ya mkate.
Kisha nikakaa kitambo, vidole vikitafuta N.

Wale kumi, basi, nimewafungia.
Wa kumi na moja nikampigia.

Iliita sana.
"Õie. Kwa nini hukupiga hodi?"
Nikasikia birika lake likichemka, akaliacha lichemke.
"Ungefungua?"

Sikujibu upesi.
Nilikuwa nautazama unga uliokauka mkononi.

Usiku nikamtumia barua moja,
ile ya viazi vilivyooza ghalani,
ambamo mama ametutaja sote wawili
katika sentensi moja, tena kwa hasira.

Moja tu.
Nyingine atazipata akija mwenyewe,
kwa basi, kwa miguu yake,
hata kile kilichong'atwa.